Shukrani kwa mzee wa Chatsworth

Jina lako sikuliuliza, mzee wangu, na hilo linanisumbua mpaka leo.

Ni pale Chatsworth, jumba kubwa lenye bustani huko Derbyshire, Uingereza, gurudumu la kiti cha mama liliponasa kwenye kokoto na mimi mikono imeshalegea. Ulikuja bila kuitwa. Ukapiga goti, ukazichomoa kokoto moja moja kwa vidole, kisha ukasukuma mwenyewe hadi kwenye chemchemi ya Emperor. Ukatueleza kuwa Joseph Paxton, mkuu wa watunza bustani, aliijenga mwaka 1844 kwa ajili ya ujio wa Tsar Nicholas I wa Urusi, ambaye hakutokea. Maji yanateremka yenyewe kutoka ziwa lililochimbwa juu kilimani, bila pampu, na yamewahi kuruka hadi mita 90.

Ila mama ulimpata kwenye ndizi. Ni mtu wa Bukoba, kakulia migombani. Uliposema Paxton alikuza migomba hapohapo miaka ya 1830, ndani ya nyumba ya vioo, na kwamba ndizi za Cavendish zinazouzwa dunia nzima zimebeba jina la ukoo wa wenye jumba la Chatsworth, alinishika mkono: "Muulize, baridi haikuiua?" Ukamjibu taratibu, ukimtazama yeye, si mimi, kwamba vioo vilipashwa joto kwa moto.

Ndani ya jumba hatukuingia, muda ulikwisha. Mama wala hajali. Kila akimenya ndizi anakutaja.

Asante sana, baba. Mungu akuzidishie afya, na magoti yako pia.