Taarifa ya Mwenyekiti wa Chama cha Okestra kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: mazoezi ya Jumamosi, darasa la watoto, onyesho la Pasaka. Zote zimefanyika, sina haja ya kuzirudia.

Nitakalolieleza kwa kirefu ni onyesho la Novemba, maana maneno yamekuwa mengi. Ni kweli kamati, kwa pendekezo langu, iliiondoa Simfonia ya Nne (utungo mkubwa wa okestra nzima) ya mtunzi Brahms na kuweka Holberg ya mtunzi Grieg pamoja na Serenadi ya mtunzi Tchaikovsky, kazi za ala za nyuzi peke yake. Wapigaji wa ala za kupuliza wanasema nimewatenga. Jamani, Brahms anataka tromboni tatu, yaani tarumbeta kubwa za mrija wa kuvuta, nazo hukaa kimya mpaka sehemu ya nne, ya mwisho. Sehemu hiyo ndiyo roho ya simfonia nzima: wazo fupi la muziki lenye asili katika kantata (utungo wa kuimbwa pamoja na ala) ya Bach, linalorudi kwa sura mpya mara 30. Mazoezini alikuwa akifika mpiga tromboni mmoja. Mlitaka tupande jukwaani na nini?

Na dhamira ya programu, yaani muziki wa Kiromantiki (wa karne ya 19) unaoitazama enzi ya Baroko (takriban 1600 hadi 1750), haikupotea hata kidogo. Grieg aliandika Holberg mwaka 1884, miaka 200 tangu azaliwe mwandishi Ludvig Holberg, akatumia ngoma za zama zile: sarabande, gavotte, rigaudon. Katika Rigaudon, violini moja na viola moja (ala ya nyuzi kubwa kidogo kuliko violini) hushika usukani. Kwetu violini ilikuwa ikianza peke yake, kiti cha viola kitupu. Mimi mwenyewe nilimtafuta kwa simu mpiga viola aliyetuokoa, na nauli yake ilitoka mfukoni mwangu. Waliokuwepo ukumbini walisikia matokeo.

Hapo, kwenye fedha na mahudhurio, ndipo penye kidonda. Wanachama tuko 46, waliolipa ada ya 60,000 ni 19, deni la ada ni shilingi 1,620,000. Ukumbi ulitugharimu 2,200,000, viingilio vikaleta 1,750,000, wafadhili 400,000. Inasikitisha kwamba sauti kubwa zaidi dhidi ya kamati zinatoka kwa wasiolipa na wasiohudhuria.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kumrudia Brahms, kupata chumba cha mazoezi cha kudumu na labda kutoka nje ya mkoa. Tarehe zitatangazwa.

Mhazini yupo pale mlangoni na kitabu cha risiti mpaka saa kumi.

Mwenyekiti