Pleti ya milimita 6 haibaki 6

Mteja akileta mchoro wa tangi la hewa la kompresa, kwenye vichwa, yaani vifuniko vya kuziba ncha mbili za tangi, mara nyingi ameandika "mm 6" basi. Nasi tunamuuliza: 6 kabla ya kukunjwa au baada? Pleti ikibonyezwa iwe na umbo la bakuli, chuma huvutika, hasa kwenye kona ya mkunjo, pale kichwa kinapogeuka kuufuata mwili wa tangi. Kupungua asilimia 10 ni kawaida. Hesabu ya usalama huangalia kilichobaki, si kilichonunuliwa.

Chukua tangi la kipenyo cha ndani cha mm 1,000, presha bar 10, chuma cha SA-516 daraja la 70 (aina ya pleti ya matangi ya presha), maungio ya kulehemu yasiyopigwa eksirei. Kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, kichwa cha umbo la yai, ambacho kina chake ni robo ya kipenyo, kinahitaji mm 4.3. Ongeza mm 1.5 ya kuliwa na kutu, unapata 5.8. Pleti ya 6 ikikunjwa inabaki 5.4, kwa hiyo haifai. Tunakata ya 8.

Sasa wapo wanaotaka kichwa kifupi, kilicho bapa zaidi, kwa kuwa kukikunja ni rahisi na bei yake ni nafuu. Tangi ni lile lile, presha ile ile, lakini hesabu inaruka hadi mm 7.6, na ukiweka ya kutu ni 9.1. Hata pleti ya 10 inaishia 9.0! Itabidi 12, na ule unafuu wote umeishia kwenye uzito wa chuma. Sisi hatukipendekezi, labda kama nafasi ya kuweka tangi ni finyu kweli.

Kwa matangi madogo, hata hesabu ikitoa mm 1, kanuni hizo haziruhusu chini ya mm 2.5 kwa chuma cha kawaida kinachobeba hewa, mvuke au maji, na hiyo ni kabla ya kuongeza ya kutu.

Matangi ya zamani tunayapima unene uliobaki kwa altrasaundi (mawimbi ya sauti), tukianzia kichwa cha chini ambako maji hutuama. Rangi mpya kwa nje haitusaidii kitu.

Kichwa chochote kinachotoka kwetu kina karatasi yenye namba mbili: unene wa pleti, na unene mdogo kabisa tuliopima baada ya kukunja. Mkaguzi akija, mwonyeshe ya pili.