Kaka, lile neno la msibani

Kaka yangu,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika hapa, hata kama watasoma na wasiotuhusu.

Mengine ya siku zile nimeyaacha yapite. Hili moja limenikaa kooni: udongo wa kaburi la Baba haujakauka, ukaninyooshea kidole mbele ya wajomba, ukasema, "Wasomi kama huyu ndio waliomkatia Mzee riziki. Walipiga marufuku gesi yake." Baba mdogo akacheka. Mimi nikaendelea kupanga viti.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akifungua friji. Analegeza nati, gesi inatoka fsss, nasi tunapeleka vidole tusikie ubaridi. Ilikuwa R12, gesi ya kupoozea friji. Haiwaki moto, haichomi macho, nani angeiogopa? Shida yake ilikuwa huko juu angani: mionzi ya jua inaivunja, klorini inatoka, na atomu moja ya klorini inaweza kuharibu molekuli 100,000 za ozoni, gesi inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walilitahadharisha hilo mwaka 1974, wenye viwanda wakawabeza. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakaonyesha jinsi ozoni ilivyopungua juu ya Antaktika. Miaka miwili baadaye mkataba wa kudhibiti gesi kama hizo ukatiwa saini Montreal, na leo kila nchi imo. Fundi hata awe hodari kama Baba asingeliona hilo kwa macho. Lilitaka vipimo.

Haki yako nakupa, maana nisipokupa utasema msomi hakubali kitu. R134a iliyokuja badala yake haili ozoni, lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, ikabidi nchi zikutane tena Kigali mwaka 2016 kuipunguza na wenzake. Wewe hapo unaona kigeugeu. Mimi naona watu waliorudia hesabu zao na kusema hadharani kwamba bado.

Ila riziki ya Mzee sikuikata mimi. Mkataba uleule ulikuwa na mfuko wa kusaidia nchi zinazoendelea, mafunzo ya mafundi yakiwemo. Kama Baba hakufikiwa, waulizwe walioshika fedha na orodha, si aliyepima ozoni. Na vile vitabu vya gesi mpya, nani alimpelekea Baba? Nani alimsomea kwa simu usiku, miwani yake ilipovunjika? Haya, nisijisifu. Lakini ulikuwepo, ulisikia.

Wewe ndiye uliyemuuguza, Kaka, na hilo nakuombea kheri kila siku. Ungesema tu kwamba umechoka.

Mitungi yake bado iko stoo kwako. Usiwauzie wa vyuma chakavu wakaikata, mingine ina R12 ndani. Wapo mafundi wenye mashine ya kuivuta gesi isitoke hewani. Nitafute nikupe namba ya mmoja. Ukitaka tugombane kwanza, sawa, tugombane.