Barua kwa vijana wa maabara: habari ya Ramachandran na makala iliyopingwa

Wanangu mnaosomea uzamili na uzamivu katika spektroskopia na biofizikia,

Nawasalimu nyote. Nimesikia kwamba spektromita yenu, chombo cha kuchambua mwanga, imekaa miezi bila vipuri, na wawili kati yenu wamenieleza kwamba makala zao zimerudishwa na wahakiki kwa maneno makali hata wakafikiria kuacha utafiti. Nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, kwa hiyo uzito wa mambo hayo naujua. Lakini kabla hamjakata shauri, nisikilizeni niwasimulie habari za G. N. Ramachandran, mwanafizikia wa India aliyechunguza maumbo ya protini.

Alizaliwa Ernakulam, kusini mwa India, mwaka 1922. Mwaka 1942 alikwenda Bangalore kusomea uhandisi wa umeme, akahamia fizikia na kuwa mwanafunzi wa C. V. Raman, yule aliyetangaza mwaka 1928 kwamba mwanga wa rangi moja ukipita katika kimiminika, sehemu yake ndogo sana hutoka na rangi nyingine, kwa sababu molekuli zinazotetema huupunguzia au kuuongezea nishati. Raman alianza kwa mwanga wa jua na vichujio vya rangi, kisha akatumia taa ya zebaki. Ninyi mnaopima dawa kwa njia yenye jina la Raman mkumbuke hilo.

Mwaka 1952 Ramachandran, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alikabidhiwa idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Madras. Mwanasayansi Bernal alipowatembelea alimwambia kwamba umbo la kolajeni, protini ya ngozi, mifupa na kano, lilikuwa bado halijaeleweka vizuri. Ramachandran hakungoja maabara kubwa. Alipata kano za mkia wa kangaruu kwa watafiti wa ngozi waliokuwa mjini humo humo, akazipiga picha kwa eksirei, na mwaka 1954 yeye na mwenzake Gopinath Kartha wakachapisha katika jarida la Nature umbo la minyororo mitatu iliyo pamoja. Mwaka uliofuata walilirekebisha, minyororo ikawa imesokotana kama kamba.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Mwaka huo huo wa 1955, wanasayansi Rich na Crick walikubali minyororo mitatu lakini wakapinga mengine: walisema katika umbo lile atomi fulani zimekaribiana kupita kiasi, na kwamba kila hatua ya asidi amino tatu (viungo vya mnyororo wa protini) ina bondi moja ya haidrojeni, yaani mvutano mdogo unaoshikilia minyororo pamoja, si mbili. Kuhusu bondi hiyo, wao ndio walioonekana kuwa sahihi. Ramachandran angeweza kutumia miaka yake kujitetea. Badala yake aliligeuza lile pingamizi kuwa swali la kupimwa: je, atomi mbili zisizounganishwa zinaweza kukaribiana kwa umbali gani hasa? Akapitia na wenzake miundo ya fuwele iliyokwisha kuchapishwa, wakaorodhesha umbali huo, kisha wakahesabu ni pembe zipi za mzunguko ambazo uti wa mnyororo wa protini unaweza kuzichukua bila atomi zake kugongana. Pembe hizo huenda mbili mbili kwa kila kiungo, na jozi nyingi zilikataa kwa kuwa atomi zingegongana. Zilizobaki zikakusanyika katika maeneo machache. Mchoro huo, aliouchapisha mwaka 1963 pamoja na Ramakrishnan na Sasisekharan, ndio ambao hadi leo watafiti wa protini hukagulia kila umbo jipya.

Tazameni basi: kazi iliyompa jina ilitoka katika pingamizi lililomkera, na ilihitaji takwimu za wengine, hesabu na subira ya miaka, bila mashine mpya. Sisemi vifaa si kitu. Mwenye dhamana ya kuwapa spektromita inayofanya kazi anapaswa kuwajibika, nami nitaendelea kulisema hilo kila ninapopata nafasi. Ninachokataa ni ninyi kukaa bila swali mpaka fundi afike.

Kwa wale wawili: chukueni barua za wahakiki, someni tena pale palipowauma zaidi, na mwandike ni kipimo gani kingeweza kuamua kati yenu na mhakiki. Nileteeni maandishi hayo Ijumaa tutakapokutana, tuyasome pamoja.

Mwalimu wenu mstaafu