Kwa nini hatukumkemea yule baba

Uyole, Mbeya

Mpendwa Neema,

Kamwene! Huku wazima, mvua imeanza na kila mtu yuko shambani. Ujumbe wako nimeusoma, ukitucheka watu wa Mbeya kwamba tunachomekewa kwenye foleni tukiwa tuli kama maji mtungini. Nakujibu kwa barua, maana kwenye simu ungenikatiza.

Yule baba wa koti uliyemwona siku ya mbolea ya ruzuku hakutumia ubabe. Angetumia, tungemtoa. Alianza na shikamoo kwa yule bibi wa kitenge cha njano, akaulizia hali ya mguu wake, kisha akaegemea dirisha: “Nauliza tu kama mbolea ya DAP ipo.” Akajibiwa ipo. Hakuondoka. Mara anataja namba yake ya mkulima, mara mifuko inapakiwa kwenye bajaji. Sasa bibi amkemee vipi mtu ambaye ameshamwitikia marahaba?

Na wa kukemea alikuwa bibi, si wewe wala mimi. Kuna mtafiti wa Marekani, Stanley Milgram, aliyetuma watu wakachomekee foleni 129 jijini New York. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Mtu alijiingiza baada ya yule wa tatu, akasema samahani, naomba niingie hapa, basi, bila sababu yoyote. Akiwa peke yake, alipingwa katika foleni zaidi kidogo ya nusu. Wakiingia wawili, ilikuwa karibu kila foleni. Waliolalamika zaidi ni waliokuwa nyuma yake moja kwa moja. Waliotangulia mbele walilalamika mara chache zaidi, maana hawakupoteza kitu. Aliyesimama mgongoni mwa mvamizi ndiye anayetazamwa na wote. Akinyamaza, wa nyuma wanadhani pengine ni ndugu yake, au wamekubaliana. Ndivyo tulivyodhani sisi. Nilishaanza hata kuwaona wanafanana!

Kwa hiyo usituite waoga. Yule baba alijua pa kugonga: alimchagua mtu mmoja, akamfunga mdomo kwa heshima, sisi wengine tukanyamaza wenyewe.

Lakini kuna mtu ananikera kuliko huyo, na hapa najua tutagombana. Ni yule anayemwita shoga yake, “Njoo usimame hapa kwangu.” Anaonekana mkarimu, kumbe anagawa muda wa watu walio nyuma ambao hakuwauliza. Ukitaka kumpisha mtu, mpe nafasi yako, wewe urudi mwisho. Mjamzito, mzee, mwenye mtoto anayelia, hao foleni yenyewe huwapisha bila mjadala, hata hospitali zina dirisha la wazee.

Ajabu ni kwamba jioni pale kituoni Kabwe, daladala ikifika, watu walewale wanasukumana kwa mabega, na wengine wanarusha mkoba dirishani kuwahi siti. Hakuna anayenung’unika kuibiwa nafasi, kwa sababu hakuna aliyekuwa nayo. Mstari ndio unaoleta hasira.

Sasa nisaidie jambo moja. Hapa kwetu bombani ndoo zinapangwa tangu usiku, wenyewe wanaenda kulala. Alfajiri nimekuta ndoo sita, binadamu hakuna, nikakinga maji. Mama mwenye nyumba anasema nimeruka foleni. Mimi nasema ndoo haiwezi kusimama foleni. Huko Iringa mnaamuaje? Jibu haraka, hatujaamkiana wiki nzima.

Wako,
Atupele