Upenu kwanza, dirisha baadaye

Mhariri,

Ramani nyingi za nyumba zinazosifiwa kuwa zinatumia jua kupata joto zina kasoro moja: ukuta mzima wa kioo, paa lisilotokeza hata kidogo, na zulia sakafu nzima. Nyumba hiyo huwaka mchana na kuzizima usiku. Tunaomba kila ramani mnayochapisha itaje latitudo (nyuzi za mahali kutoka ikweta) na kipimo cha upenu.

Hesabu yake ni nyepesi. Toa latitudo kwenye 90 upate nyuzi za kimo cha jua la adhuhuri juu ya upeo wa macho, siku ambazo mchana na usiku ni sawa, kisha ongeza 23.5 kwa kilele cha majira ya joto, au punguza 23.5 kwa kilele cha baridi. Penye latitudo ya 35, unapata 78.5 na 31.5. Upenu wa sentimita 60 utashusha kivuli cha karibu mita 3 wakati wa joto, lakini sentimita 37 tu wakati wa baridi. Basi acha sentimita 40 za ukuta kati ya upenu na juu ya dirisha. Dirisha la kimo cha mita 1.2 litafunikwa lote kwenye joto na kuachwa wazi lote kwenye baridi.

Walio kaskazini mwa ikweta walielekeze dirisha kusini, walio kusini walielekeze kaskazini. Likipinda nyuzi 20 hivi, hasara ni ndogo. Karibu na ikweta kabisa jua hupita utosini, kwa hiyo kazi kubwa ni kukinga paa na kuta za mashariki na magharibi.

Upande wa magharibi upenu hausaidii, maana jua la alasiri liko chini mno. Weka vibao vya wima au mti, tena nje. Pazia la ndani limechelewa: jua likishavuka kioo, joto limo chumbani.

Kioo kinachopokea jua kikizidi takriban asilimia 7 ya eneo la sakafu, lazima pawe na kitu kizito cha kumeza joto. Jamvi la zege sakafuni, unene wa sentimita 10 hadi 15, latosha. Likiwa nene zaidi, joto la siku moja halifiki chini. Livikwe vigae vya rangi iliyokoza. Tabaka la kuzuia joto likae chini ya jamvi na upande wa nje wa ukuta. Mafundi hupenda kulibandika ndani kwa sababu ni rahisi, na hapo ukuta hauna tena joto la kutunza.

Majira ya joto, funga madirisha mchana, ufungue usiku la chini upande mmoja na la juu upande wa pili. Penye usiku wa fukuto hilo halifanyi kazi. Huko jenga kuta nyepesi zinazopitisha upepo.