Kabla ya kumnyoshea kidole mchungaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila ukizuka mjadala wa unafiki makanisani, lawama huwaendea wahubiri: huyu anahubiri toba na mwenyewe hatubu, yule anakula sadaka. Sisemi wanasingiziwa. Ila mimi ni mzee wa kanisa, huu ni mwaka wa 14, na yaliyonikuta nyumbani kwangu mwaka jana yamenifunga mdomo kuhusu wachungaji.

Tulikuwa kwenye sala ya jioni. Nilisoma Waraka wa Yakobo, sura ya 5, pale anapowaambia matajiri kwamba ujira wa vibarua waliovuna mashamba yao, ule waliouzuia, unapiga kelele. Nikafafanua kwa kirefu, maana nimezoea kufafanua. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono mapajani, macho chini. Binti yangu wa miaka tisa akauliza, "Baba, na mshahara wa dada?"

Nilikuwa sijamlipa miezi miwili. Na Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama kanisani nikatoa ahadi yangu ya ujenzi yote, jina langu likasomwa, waumini wakapiga makofi. Fedha ile ilikuwa ya dada. Nilikuwa nimejiambia atavumilia, kwani anakula na kulala kwetu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na madeni mawili, nikalipa lile ambalo watu wangeniona nikilipa.

Neno la Kigiriki ambalo Biblia zetu huliita "mnafiki" lilikuwa jina la mwigizaji wa jukwaani, mtu aliyevaa kinyago akasema maneno ya mwingine. Katika Mathayo sura ya 6 Yesu anawataja wanafiki mara tatu: kwenye sadaka, kwenye sala na kwenye kufunga. Yote matatu ni mambo mema, na mimi nilikuwa nayafanya yote. Anachouliza Bwana ni tunayafanya ili yaonwe na nani.

Ndiyo maana siku hizi narudia sana Wagalatia sura ya 2. Kule Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, yaani waumini wasio Wayahudi. Wakaja Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, naye akaanza kujitenga kwa kuwaogopa. Paulo akamkemea mbele ya wote, na anaandika kwamba hata Barnaba alichukuliwa na unafiki ule. Petro hakuwa amehubiri uongo wowote, aliinuka tu mezani. Zamani nilisoma habari hiyo kama ugomvi wa mitume wawili. Sasa nawawaza wale walioachwa mezani, kwa sababu nimemwona mmoja wao ameketi karibu na mlango wangu.

Basi nina ombi kwa makanisa yetu. Tunapomchagua mzee au shemasi tunaangalia zaka, mahudhurio, cheti cha ndoa. Paulo, katika 1 Timotheo 3, anataka pia mwangalizi ashuhudiwe mema na watu wa nje. Tuwaulize hao. Aulizwe anayemfulia nguo, aulizwe mlinzi wake, aulizwe aliyemkopesha. Nakiri kwamba mimi nisingepita, na ingekuwa afadhali nikwame pale kuliko kuyajua haya kwa mtoto wangu.

Usiku ule wa swali la binti yangu sikuweza kulala. Nilimkumbuka Zakeo, yule mtoza ushuru tajiri wa Injili ya Luka, ambaye hakuishia kusema anajuta, alitaja na kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu angemrudishia mara nne. Siku mbili baadaye nilikopa, nikampa dada fedha zake zote na nyongeza ya kuchelewa, nikamwomba radhi watoto wakisikia. Alizihesabu taratibu, akasema, "Asante, baba," akarudi jikoni.

Mwezi uliofuata aliaga akaenda kufanya kazi kwingine. Sikumzuia, na sikumuuliza sababu. Sala ya jioni tunaendelea nayo, ila kwa sasa anaiongoza mke wangu, na mimi nakaa karibu na mlango.

Msomaji wako,
Mzee wa kanisa